Barua ya mtendaji haipimi mimba

Mhariri,

Binti yangu alipanda milima ya Lyamba lya Mfipa kutoka Bonde la Rukwa, akarudi kwetu na mimba ya miezi minne. Kliniki aliyokwenda ikamrudisha: hana mwenza wa kupima naye VVU, alete kwanza barua ya afisa mtendaji kuthibitisha hilo.

Kumwita baba kliniki ni jambo jema, sibishi. Lakini baba wa mimba hii ameshatokomea! Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inataka mjamzito apewe ushauri nasaha, apime kwa hiari, na majibu yawe siri yake. Mtendaji anaingiaje hapo? Ajue nani kaachwa?

Wauguzi, mpokeeni mama kwanza, mpimeni damu na presha. Habari za mwenza mtamuuliza faraghani. Binti yangu alirudi analia, asubuhi ya baridi ya Sumbawanga, nauli imekwisha.

Mzazi,
Sumbawanga