JIBINI NA BISKUTI ZA SIKUKUU: KUMKIRIMU MGENI PASIPO KUJITIA DENI

Miongoni mwa mambo yaliyoingia katika nyumba zetu kwa safari na kwa kuchanganyika na watu, ni desturi ya kuwaandalia wageni sinia la jibini na biskuti kavu baada ya chakula. Asili ya desturi hii ni Ulaya. Uingereza na Ufaransa ni jambo la kawaida katika karamu, na khasa mwezi wa Desemba maduka ya Uingereza hujaa jibini za kila namna. Ndugu zetu waliohamia London, Leicester na Toronto wameizoea, na watoto wao huitaka siku ya Idi kama sisi tulivyokuwa tukiitaka kaimati. Hata Mombasa, Dar es Salaam na Maskati ziko nyumba ambazo sinia hili huonekana siku ya harusi.

Hatusemi kwamba desturi hii ni mbaya. Jibini ni chakula cha kale, na jina lake sisi wenyewe tumelipokea kwa Waarabu. Tunalolichelea ni jengine. Mtu mwenye mshahara mdogo huona haya mbele ya wakwe na majirani, akenda akanunua sanduku la fahari lililopambwa kwa utepe. Jibini ikaliwa nusu, nusu ikatupwa, na mwezi ukawa bado mrefu. Mgeni amekwenda zake akishukuru, wala hajui kwamba tonge alilolila lilikuwa ni karo ya mtoto. Dini yetu imetuamrisha kumkirimu mgeni, na hiyo hiyo ndiyo iliyotukataza israfu. Amri mbili hizi hazigombani illa kwa asiyejua kununua. Basi mwezi huu tumependa tuzungumze na wasomaji wetu, akina mama khasa na vijana wanaotumwa dukani, juu ya namna ya kuchagua.

Kwanza yatupasa tujue kwa nini jibini ni ghali. Maziwa hutiwa vijidudu vya kuyachachusha, kisha hutiwa kigandisho yakashikana. Hukatwakatwa, maji yakachujwa, yakatiwa chumvi, yakakandamizwa, na baadaye jibini huwekwa ghalani ikomae. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa kiasi cha kilo 1 tu ya jibini ngumu. Ongeza na muda wa kungoja: Cheddar changa hukaa miezi michache, na iliyokomaa hukaa kiasi cha mwaka mzima au zaidi. Anayejua haya hatashangaa kwa bei, wala hatakubali kipande kitupwe.

Jambo la pili ni la halali. Kigandisho cha asili hutolewa katika tumbo la ndama anyonyaye, na maulamaa wamekhitalifiana juu ya kigandisho cha mnyama asiyechinjwa kisharia. Imamu Abu Hanifa amekihesabu kuwa ni tohara. Ama madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hayakukikubali illa kiwe kimetokana na mnyama aliyechinjwa sawasawa na ambaye hakula kitu isipokuwa maziwa. Lakini neema imekuja: mwaka 1990 Marekani iliruhusu kigandisho kinachotengenezwa kwa vijidudu katika mapipa, pasipo kuchinjwa ndama, na leo jibini nyingi za viwandani hugandishwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo soma karatasi. Uingereza jibini nyingi huandikwa kwamba zawafaa wasiokula nyama, na alama hiyo yatosha kukuondolea shaka ya kigandisho. Parmigiano Reggiano ya Italia, kwa kanuni zake yenyewe, haitengenezwi illa kwa kigandisho cha ndama, basi mwenye kushika madhehebu yetu na aulize kabla ya kuinunua. Tena alama ile haisemi kitu juu ya ulevi. Ziko jibini zinazotiwa mvinyo au bia, na khabari hiyo utaiona katika orodha ya vilivyomo.

Sasa tuje katika uchaguzi wenyewe. Wengi hudhani kwamba sinia zuri ni lenye jibini saba au nane. Hili ni kosa. Vipande vidogo vingi hukauka upesi, huchanganya ladha, na kila kimoja kimelipiwa karatasi na faida yake. Jibini tatu zatosha: moja ngumu, moja laini, na moja mbichi nyeupe.

Katika ngumu, hatuoni iliyo bora kwa mwenye fedha kidogo kuliko Cheddar iliyokomaa. Jina lake ni la kijiji cha Cheddar katika jimbo la Somerset, Uingereza, ingawa leo hutengenezwa duniani kote, na Kenya pia. Siri yake ni hii: iliyokomaa ina ladha kali, basi kipande chembamba humtosha mlaji, ambapo changa huliwa nyingi na isitambulike. Ukizikuta ndani yake punje ndogo nyeupe zinazovunjika katika meno, usidhani ni uchafu. Ni dalili ya ukomavu. Asiyeipata Cheddar na achukue Gouda, ambayo jina lake ni la mji wa Uholanzi. Walioko Kivu na nchi jirani wanayo jibini ya Masisi iliyofanana nayo, na ya jirani aghalabu huwa nafuu kuliko iliyovuka bahari.

Katika laini, Wafaransa wanazo Brie na Camembert, zenye ngozi nyeupe inayoliwa. Hapa usikimbilie jina kubwa. Brie ya kawaida ya dukani, ikiachwa ipoe ubaridi wa friji, humpendeza mgeni. Ibonyeze kwa kidole katikati: ikiwa ngumu kama chaki bado haijawiva, na ikitoa harufu kali ya amonia wakati wake umepita. Ama jibini yenye mishipa ya kibuluu kama Stilton, ambayo kwa sheria hutengenezwa katika majimbo matatu tu ya Uingereza, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire, tunashauri isinunuliwe illa ujue kwamba wageni wako wanaipenda. Watoto wengi huikataa, na inayokataliwa ni hasara hata ikiwa rahisi.

Ya tatu, mbichi nyeupe, usiinunue kabisa, itengeneze nyumbani. Chukua lita 1 ya mtindi mzito usio sukari, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, umimine katika kitambaa safi chembamba, uufunge, na uuning'inize juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa yameshuka na iliyobaki ni labna, laini ya kupakwa, ambayo watu wa Shamu na Ghuba huila kila siku. Haina kigandisho cha mnyama, na gharama yake ni mtindi tu. Ifinyange mabonge madogo, uimiminie mafuta ya zaituni na kuinyunyizia ufuta. Haitafahamika kwamba ndiyo iliyo rahisi kupita zote.

Dukani usitazame bei ya paketi, tazama bei ya kilo. Maduka mengi huiandika kwa herufi ndogo chini, na hiyo ndiyo isemayo kweli. Jibini ya bonge aghalabu huwa rahisi kuliko iliyokatwa vipande; na iliyokunwa hutiwa wanga kidogo isigandane, nawe huulipia wanga kwa bei ya jibini. Sanduku la sikukuu lenye ubao na kisu humlipisha mtu mbao na karatasi. Jihadhari pia na kile kinachofanana na jibini lakini kimetengenezwa kwa mafuta ya mimea: karatasi yake haitathubutu kukiita jibini tupu. Zile pembe tatu zilizofungwa kwa karatasi ya fedha ni jibini iliyoyeyushwa upya pamoja na chumvi maalumu. Hazina ubaya kwa mkate wa mtoto, lakini si za sinia la mgeni.

Khabari ya biskuti ni fupi. Kazi ya biskuti ni kuibeba jibini, si kushindana nayo. Basi zile za vitunguu, pilipili na viungo ziache. Zinazofaa ni kreka za kawaida, au biskuti nyembamba za unga na maji, au zile za shayiri za Uskochi ambazo huchukuana vizuri na Cheddar. Soma ni mafuta gani yaliyotumiwa, kwani ziko biskuti zinazookwa kwa mafuta ya nguruwe. Na asiyetaka kununua, na achukue mkate wa jana, aukate vipande vyembamba, auweke katika tanuri ya moto mdogo mpaka ukauke na kulia. Utakuwa biskuti njema.

Katika viandamizi sisi tuna bahati, kwani vya kwetu ndivyo bora. Tende moja iliyotolewa kokwa na kujazwa kipande cha Cheddar ni tamu juu ya chumvi, na mlaji hufurahi. Weka asali kijiko kimoja karibu na jibini laini, tofaa lililokatwa, zabibu, na achari ya embe kidogo badala ya ile ya chupa iliyotoka ng'ambo. Korosho na lozi hujaza nafasi, na sinia huonekana limeshiba.

Ama vipimo, jibini ikija baada ya chakula, gramu 60 kwa mtu yatosha. Kwa wageni 10 ni gramu 600: ngumu 300, laini 150, na labna 150. Biskuti 6 kwa kila mmoja ni 60. Paketi ya kreka ya gramu 200 ina kiasi cha biskuti 25, basi paketi mbili na mkate uliokaushwa zatosha. Andika hesabu hii kabla ya kutoka nyumbani, wala usende dukani na njaa.

Jibini ngumu itolewe katika friji saa moja kabla ya kuliwa, kwani ubaridi huficha ladha. Katika joto la pwani yetu nusu saa yatosha. Jibini laini isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja. Mwanamke mwenye mimba asile Brie, Camembert wala laini yenye mishipa ya kibuluu, illa ipikwe mpaka itoke moshi, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vya listeria vinavyomdhuru mtoto tumboni. Cheddar haina ubaya kwake. Mwambieni waziwazi, msimwonee haya. Na ambaye maziwa humsumbua tumbo, aghalabu jibini iliyokomaa haimdhuru, kwani sukari ya maziwa karibu yote imekwisha.

Kinachobaki kifungwe katika karatasi ya kuokea kisha kiwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko. Jibini ngumu ikiota ukungu, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka pahala hapo na iliyobaki ni salama. Laini ikiota ukungu usio wake, itupwe. Makombo ya Cheddar yakunwe juu ya viazi au mayai kesho yake.

Enyi vijana, msiwatake wazazi wenu walichonacho wenzenu. Sinia la jibini tatu lililopangwa kwa mkono safi na uso mkunjufu ni karamu. La jibini kumi lililonunuliwa kwa deni ni mzigo unaoliwa kwa haraka na kulipwa polepole. Na kabla wageni hawajaingia, tengeni sahani moja mumpelekee jirani, awe ni wa dini yetu au si wa dini yetu, kwani harufu ya sherehe humfikia kabla ya salamu. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, chache na nyingi, na atujaalie ukarimu usio na majuto. Amin.