Kabla ya kununua nyumba ya wapangaji, hesabuni vyumba vitupu

Mume ni dereva wa gari la kampuni, mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana watoto watatu, na mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari. Akiba yao ya miaka minane imefika Sh35 milioni. Jumamosi asubuhi, mwanzoni mwa Agosti, wamesimama kwenye korido ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Mbagala, dalali akiwatangulia na kufungua mlango mmoja baada ya mwingine.

Wazazi wa namna hii ni wengi Dar es Salaam, na wanachoambiwa hakitofautiani sana. "Bosi, hapa kila chumba elfu sitini. Sita mara sitini, laki tatu na sitini kila mwezi. Hii nyumba inajilipa yenyewe." Bei ni Sh55 milioni. Upungufu ni Sh20 milioni, na dalali anamjua mtu wa benki.

Mume anapoangalia paa, mke anatoka uani. Mama mmoja mtu mzima anaosha vyombo karibu na bomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnanunua?"

"Tunaangalia tu, mama."

"Haya. Ila sisi wengine tumeshalipa mpaka Desemba, msije mkatudai tena."

Sentensi hiyo ina thamani kuliko maelezo yote ya dalali. Kwa desturi ya jijini, mpangaji hulipa miezi sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye nyumba anayetaka kuuza huwa ameshapokea fedha hizo na pengine ameshazitumia. Mnunuzi anachukua nyumba pamoja na watu waliomo na mikataba yao, na hawezi kumtoza mtu kodi aliyokwisha kulipa. Ikiwa vyumba vinne vimelipiwa mpaka Desemba, hiyo ni miezi mitano ya vyumba vinne, Sh1.2 milioni, ambayo familia hii haitaiona. Njia ya haki ni kuipunguza kwenye bei, na wauzaji wengi hukubali wakionyeshwa risiti. Wasipoulizwa hawasemi.

Ndiyo maana inafaa kuzungumza na wapangaji bila dalali kusimama pembeni. Watajua ni nani hajalipa tangu Pasaka. Watajua kwamba mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vyote na kila wiki kuna ugomvi kuhusu friji la chumba cha mbele na pasi ya chumba cha nyuma. Watajua pia kama shimo la choo hujaa wakati wa masika. Nyumba za mabondeni hupendeza sana kiangazi, kwa hiyo ni vizuri kuangalia ukuta wa nje karibu na ardhi: maji yakiwahi kuingia huacha mstari, hata rangi ikipakwa upya.

Jioni, watoto wakishalala, hesabu inapaswa kufanywa mezani kwa kalamu. Laki tatu na sitini kwa mwezi ni Sh4.32 milioni kwa mwaka, lakini hiyo ni nyumba iliyojaa watu miezi yote kumi na miwili, na nyumba hiyo haipo. Vyumba viwili tu vikikaa vitupu miezi miwili kila kimoja, Sh240,000 imeondoka. Kodi ya Serikali ni asilimia 10 ya kodi ya pango, hiyo ni Sh408,000 nyingine. Matengenezo yasipotengewa walau kodi ya mwezi mmoja, Sh360,000, siku bati litakapovuja fedha zitatoka kwenye mshahara. Gari la kunyonya choo, bomba, balbu za nje na vitasa vinaweza kula Sh300,000. Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU: anayenunua umeme ndiye huilipa kwanza, na mpangaji anayejua hesabu atataka arudishiwe.

Hata bila hiyo ya mwisho, kinachobaki ni Sh3,012,000 kwa mwaka, wastani wa Sh251,000 kwa mwezi.

Sasa mkopo. Sh20 milioni kwa miaka mitano, tuseme kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, marejesho yake ni kama Sh486,000 kila mwezi. Hata vyumba vyote sita vikijaa na asiguswe msumari mmoja, nyumba haifikishi marejesho. Pengo halisi ni Sh235,000 kila mwezi kwa miaka mitano, na kuna mtoto mmoja tu nyumbani anayeingia sekondari mwaka huo huo. Mume anaweza kusema watabana matumizi. Mke, ambaye ndiye anayejua bei ya sare, madaftari na nauli, ana haki ya kuuliza watabana nini.

Mkopo ungekuwa Sh10 milioni, marejesho yangekuwa kama Sh243,000, na hapo nyumba ingejibeba, kwa tofauti ya shilingi elfu nane. Kwa familia yenye mishahara miwili ya kawaida, hicho ndicho kipimo cha maana kuliko uzuri wa mtaa: kinachobaki baada ya vyumba vitupu, kodi na matengenezo kitoshe marejesho. Dalali atasema nyumba itachukuliwa na mwingine. Huenda ikawa kweli. Nyumba za vyumba sita hazijaisha Mbagala.

Upande wa karatasi hauna mengi ya kubembeleza. Kama kuna hati miliki, upekuzi hufanywa kwa Msajili wa Hati kuona jina lililoandikwa na kama nyumba imewekwa rehani. Kama kuna leseni ya makazi tu, mnunuzi ajue hiyo ni ya muda mfupi na si sawa na hati ya miaka 33, 66 au 99, na bei ionyeshe tofauti hiyo. Nyumba ya urithi inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa anayeshika funguo siye, hata kama mtaa mzima unamwita mwenye nyumba. Na muuzaji mwenye mke aje na mke wake, kwa sababu nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kujua historia ya kiwanja, ila muhuri wake haugeuzi nyumba ya watu kuwa ya muuzaji.

Kuna jambo moja ambalo wenza hulikwepa kwa kuoneana aibu: jina. Fedha zilikusanywa na wote wawili, yeye kwa safari za usiku na mwenzake kwa masomo ya ziada na mchezo wa wanawake, lakini mkataba ukifika kwa wakili mara nyingi huandikwa jina la baba peke yake, "kwa urahisi". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huichukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili kuwa ni yao kwa sehemu sawa. Baba akifariki, tofauti hiyo ndiyo atakayokutana nayo mama mbele ya mashemeji, akiwa na watoto watatu na daftari la wapangaji.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali Jumatatu, wawili hawa wana mambo ya kumalizana wenyewe. Majina mawili kwenye mkataba. Sh1.2 milioni ya wapangaji ipunguzwe kwenye bei. Na muuzaji aulizwe kama anaweza kushuka hadi Sh50 milioni, apokee Sh35 milioni sasa na Sh5 milioni baada ya mwaka mmoja, kwa maandishi mbele ya wakili, ili benki idaiwe Sh10 milioni tu. Akikataa, akiba ibaki ilipo, na Januari mtoto aende shule.