Tafakari ya Juma: Pete ya Uchumba na Jiwe Lisilo na Kwao





Kila mwaka, Kwaresima inapokwisha na vijana wetu wanapoanza kufika ofisini kuandikisha ndoa, hutujia swali lilelile: "Baba Paroko, pete ya uchumba yenye almasi tukainunue wapi?" Kwa kuwa hapa kisiwani anayetaka almasi hana budi kuvuka maji, wanatarajia tuwatajie sonara wa Dar es Salaam au wa Unguja, ama tuwashauri wamwagize jamaa aliyeko Dubai. Kwa miaka mingi tumelijibu swali hili kwa tabasamu na kwa baraka. Juma hili tumeona yatupasa kulijibu kwa ukweli, hata kama ukweli huo utawaudhi baadhi yenu.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mama anayekwenda pwani ya Kilindoni kununua samaki hanunui kwa macho peke yake. Hutazama matamvua, humbonyeza samaki kwa kidole, huuliza amevuliwa wapi, lini, na kwa njia gani. Akikuta nyama imelegea na mifupa imevunjika ndani, hutambua kuwa huyo ni samaki wa baruti, humrudisha hata kama anauzwa kwa bei ya kutupa. Wengi wetu tuliotoka bara hatukuijua elimu hii. Tumefundishwa na wenyeji, na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 1995 imeikazia. Baruti huua matumbawe, na matumbawe yakifa, mtoto wa mvuvi hana urithi. Anayenunua samaki wa baruti ameshiriki kuuvunja mwamba, ingawa hakuwasha utambi.

Sasa tuwaulizeni, wapendwa: mtu huyohuyo anayemhoji muuza samaki kwa ajili ya kitoweo cha siku moja, mbona huingia dukani kununua jiwe la kuvaliwa maisha yote, akauliza bei tu na kutoka? Samaki tunamuuliza kwao; jiwe hatuliulizi. Nasi tunasema wazi: duka la kununua almasi ni lile tu linaloweza kukujibu jiwe lilichimbwa wapi na kwa gharama ya nani. Duka lisiloweza kujibu, au lisilotaka kujibu, usinunue kwake, liwe na taa nzuri namna gani.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. La hasha! Almasi si jiwe la wageni. Iko kwetu, Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, na miongoni mwetu tunaosali hapa Mafia wamo waliozaliwa Usukumani, wanaolijua eneo hilo kuliko sisi tunaoandika. Mgodi ule uligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia kutoka Kanada, Dakta John Williamson. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ikatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikakatwa London ikabaki karati 23.6. Basi jiwe la udongo wetu lilikuwa zawadi ya arusi ya kifalme kabla bibi zetu hawajasikia habari ya pete ya almasi.

Mwaka huohuo wa 1947, huko Marekani, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety, akifanya kazi kwa ajili ya kampuni ya De Beers, alitunga usemi unaojulikana duniani kote kwamba almasi ni ya milele. Tulitafakari hili. Desturi ambayo vijana wetu wanadhani ni sharti la mapendo, na wengine wanadhani hata ni sharti la Kanisa, ilienezwa kwa matangazo ya biashara. Kanisa halikuidai kamwe. Kinachofanya ndoa ni ridhaa ya bwana na bibi arusi, wala hakuna kanuni inayoitaka pete ya uchumba iwe na jiwe. Mila zetu nazo zina posa, zina mahari, zina kishika uchumba; hakuna hata moja iliyongoja almasi.

Turudi Mwadui. Katika miaka ya karibuni mgodi huo ulikuwa chini ya kampuni ya Petra Diamonds kwa ubia na serikali yetu. Pembeni mwake wako vijana maskini waitwao wabeshi, waingiao eneo la mgodi bila ruhusa kutafuta vijiwe katika mchanga uliokwisha kuchekechwa. Kuingia huko ni kosa la kisheria, hatulitetei. Lakini adhabu ya kosa hilo si risasi. Watu kadhaa walifungua madai London wakisema wao au ndugu zao walipigwa, walijeruhiwa au kuuawa katika eneo la mgodi na walinzi waliolipwa kuulinda. Mwezi Mei mwaka 2021 kampuni ilifikia suluhu na wadai 71 kwa pauni milioni 4.3. Haikukiri kuwajibika kisheria, ila ilikubali kwamba matukio ya nyuma yalitokea, yakaleta vifo, majeraha na unyanyasaji. Mnamo Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ukabomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikatangaza kuuza hisa zake zilizobaki. Mwenye mgodi hubadilika; kaburi la kijana halihami.

Hatuyasemi haya ili kumhukumu kila anayefanya kazi Mwadui. Wapo maelfu waliosomeshwa kwa mishahara ya mgodi ule, na hatutaki wakose kazi. Tunayasema ili mjue kuwa hata jiwe la nyumbani lina habari zake, na kwamba anayelinunua ana haki na wajibu wa kuzijua.

Muuzaji atakujibu: "Ondoa shaka, almasi zetu zote zina cheti." Muulize ni cheti gani. Utaratibu wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003 baada ya vita vya Angola na Sierra Leone, na ambao Tanzania imo ndani yake, ulikusudiwa kuzuia almasi zinazowanunulia waasi silaha za kupigana na serikali halali. Ni jambo jema. Lakini unahusu almasi ghafi peke yake, zinapovushwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Jiwe likishakatwa na kung'arishwa, cheti hicho hakiandamani nalo hadi kwenye pete. Tena utaratibu huo hausemi neno juu ya mchimbaji aliyepigwa na mlinzi, maana mlinzi si muasi. Shirika la Global Witness, lililokuwa miongoni mwa waliopigania utaratibu huu, lilijitoa mwaka 2011 kwa kutoridhika nao. Kipo pia cheti cha maabara, kinachoeleza uzito, rangi, usafi na mkato wa jiwe. Hicho, mara nyingi, ni cheti cha uzuri. Si cheti cha haki.

Na safari ya jiwe ni ndefu. Huenda likatoka Shinyanga, likauzwa likiwa ghafi Antwerp huko Ubelgiji, likakatwa Surat nchini India, ambako almasi nyingi za dunia hukatwa, kisha likarudi kwetu kupitia duka la Dubai likiwa limesahaulishwa kwao. Kadiri mikono inavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyosema, "Mimi nilinunua tu." Pilato naye alinawa mikono.

Tuwaeleze na jambo lililotugusa hapa parokiani. Kijana wetu mmoja, mtumishi wa umma, alikopa kwa dhamana ya mshahara wake akanunue pete ya almasi ng'ambo ya maji. Duka hatulitaji. Alipoileta, sisi wenyewe tuliishika, tukaisifu, tukaibariki, wala hatukumuuliza neno. Miezi michache baadaye mama yake aliugua, fedha zikahitajika, akairudisha pete palepale aliponunua. Aliambiwa jiwe lile halina bei ya kurudishia. Dhahabu yake tu ndiyo ilipimwa kwa gramu. Alipata chini ya theluthi ya alichotoa, na makato ya mkopo yakaendelea. Matangazo ya ndoa yaliahirishwa mara mbili. Mchumba wake alitokwa na machozi ofisini kwetu akisema: "Baba, mimi pete ile sikuiomba." Neno hilo limetusumbua. Nani basi aliyeiomba? Waliiomba marafiki, waliiomba picha za simu, waliiomba wajumbe wa kamati ya harusi. Nasi, kwa kuisifu, tuliiomba pamoja nao. Tunamwomba kijana huyo msamaha.

Tusieleweke vibaya. Pambo si dhambi. Mtumishi wa Ibrahimu alimpa Rebeka pete na bangili za dhahabu pale kisimani, na Maandiko hayamlaumu. Lakini Maandiko hayohayo yanatueleza juu ya Mfalme Daudi, alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa wake watatu walipenya kambi ya adui wakamletea, naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele ya Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha nafsi zao. Maji yale yalikuwa safi, tena aliletewa kwa mapendo. Hata hivyo mfalme aliuliza yamegharimu nini. Je, sisi tu wakuu kuliko Daudi, hata jiwe lipite mikononi mwetu bila kuulizwa? Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2009 juu ya upendo katika ukweli, alikumbusha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi tu.

Wapo watakaotujibu kwamba swali la mtu mmoja wa Mafia halitabadilisha biashara ya dunia. Hivyo ndivyo walivyosema pia juu ya samaki wa baruti. Mama mmoja aliyemrudisha samaki hakuibadilisha bahari. Lakini akina mama walipokuwa wengi, mwenye baruti alianza kukosa mnunuzi. Wengine watatuuliza juu ya almasi zinazotengenezwa viwandani, kama zile zilizotengenezwa na kampuni ya General Electric huko Marekani mwaka 1954. Hizo nazo ni almasi kweli kwa asili yake, bei yake ni ya chini, wala hakuna aliyezichimba. Hatuzikatai. Tunachokataa ni uongo: muuzaji aseme ni ya kiwandani, na mchumba asimdanganye mwenzake kuwa imetoka mgodini. Uchumba ulioanza kwa uongo wa kijiwe utaishia wapi?

Basi, ninyi mnaojiandaa, tunawaomba mambo manne. Kwanza, zungumzeni wawili kabla ya mmoja kukopa. Pete isiwe mtego wa kushtukiza. Pili, mkiamua kununua almasi, muulizeni muuzaji imechimbwa nchi gani na mgodi gani, naye aliipata kwa nani. Majibu yake ayaandike kwenye risiti, na risiti iwe halali. Tatu, asipoweza, ondokeni bila aibu. Nendeni kwa sonara mwenye leseni, anayejulikana, anayepima dhahabu mbele ya macho yenu, awatengenezee pete isiyo na jiwe. Dhahabu nayo ina maswali yake, nayo iulizeni vivyo hivyo. Nne, asiyeweza hata hiyo, aje na pete ya fedha, au aje na mikono mitupu. Kanisani hatakosa baraka.

Nanyi wazazi na wanakamati, acheni kuupima upendo kwa ukubwa wa kijiwe. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, hata kisukari cha chai huzidi. Msiutundike uzito wa nyumba nzima juu ya kitu chepesi namna hiyo.

Sisi nasi tumeazimia hivi: tangu sasa, katika mafundisho ya ndoa, kila atakayetuletea pete tuibariki tutamuuliza kwanza imetoka wapi. Hatutamfukuza asiyejua, kwa kuwa jana na sisi hatukujua. Lakini swali litaulizwa, kama linavyoulizwa kila alfajiri pwani ya Kilindoni, mashua zinapoingia.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, aliyeposwa na fundi seremala wa Nazareti, awaombee wachumba wetu wote.