Ubaharia si kazi ya vijana wa pwani peke yao

Ndugu Mhariri,

Nitashukuru ukinipatia nafasi katika ukurasa wako ili niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana hapa Kizota, hasa miongoni mwetu mafundi wa injini za malori na mashine za kusaga. Mwenzetu mmoja mwenye umri wa miaka 41 amesema anataka kuwa baharia, afanye kazi katika chumba cha injini. Basi amegeuzwa kichekesho. Anaulizwa maji gani aliyowahi kuyaona zaidi ya yale ya bwawa la Hombolo.

Mimi siungi mkono dhihaka hiyo. Injini ya dizeli haimwulizi mtu alikozaliwa. Wala sheria haimzuii. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza kumwajiri melini mtoto wa chini ya miaka 16, lakini haukuweka ukomo wa uzee. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, ambacho kwa mtu mzima hudumu si zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo apime macho, masikio na presha kabla hajauza ng'ombe.

Lakini ndugu zangu, tusidanganyane. Kozi fupi za usalama kama zile za Chuo cha Bahari Dar es Salaam, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na nyinginezo, ni mlango tu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia unadai muda wa kutumikia melini. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu wa injini bila kupitia programu iliyoidhinishwa ya mafunzo, hudaiwa karakana na utumishi wa melini kwa jumla ya miezi isiyopungua 36, na 30 kati ya hiyo iwe katika idara ya injini melini. Miaka ya gereji pekee haitoshi.

Na meli ziko wapi? Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilianzisha shirika lao la meli. Halipo tena. Hapo ndipo wanapojipenyeza matapeli. Wakala mmoja alichukua fedha za kijana wa mtaa wetu ili "amtafutie meli", na meli haikuonekana mpaka leo. Wananchi wajue kwamba mkataba ule wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasi ya kusafiria. Akidaiwa zaidi ya hapo, aende akaulize TASAC kabla ya kutoa hata senti.

Kwa maoni yangu, fundi wa umri huo mwenye watoto shuleni angeanza na maziwa. Reli ya Kati inapita hapa hapa kwetu, na mwisho wake ni Kigoma, ilipo Liemba iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, na Mwanza, ambako meli mpya ya MV Mwanza ilishushwa majini mwaka 2023. Huko mtu hurudi nyumbani baada ya siku chache, si baada ya miezi tisa. Ila aelewe kwamba mkataba wa 1978 unahusu meli za baharini, si zile zinazotembea maji ya ndani tu. Asije akadhani miaka ya ziwani itamhesabiwa siku akitaka cheti cha baharini.

Naomba wenye meli za maziwa watenge nafasi za mafundi watu wazima wenye vyeti vya majaribio ya ufundi, na matangazo yao yasiwafungie nje kwa sababu ya umri. Pia watujibu kupitia ukurasa huu: fundi wa bara mwenye miaka 41 akiteremka kwenye gari moshi Mwanza na cheti chake mkononi, agonge mlango upi?

Fundi Dizeli,
Kizota, Dodoma.