Chatiboti isiyosoma daftari haina faida dukani

WAFANYABIASHARA wengi siku hizi wanashawishiwa kununua chatiboti, yaani programu ya kompyuta inayojibu ujumbe wa wateja usiku na mchana. Muuzaji hufika dukani, huonyesha mashine ikisalimia kwa Kiswahili fasaha, kisha hutaja bei. Maoni yetu ni kwamba kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi aulize: mashine hii imeunganishwa na nini?

Mteja hatumi ujumbe saa nne usiku ili asalimiwe. Anataka kujua kama cheni ya pikipiki ipo, inauzwa kiasi gani, na kama fedha aliyotuma imefika. Majibu hayo yamo kwenye daftari la bidhaa na kumbukumbu za malipo. Chatiboti isiyosoma humo ni sawa na karani mwenye ulimi mtamu asiye na ufunguo wa ghala.

Habari njema ni kwamba kazi ya kuunganisha imerahisishwa. Mwaka 2013 Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa kampuni ya IBM walianzisha programu iitwayo Node-RED. Badala ya kuandika kurasa za lugha ya kompyuta, mtumiaji hupanga visanduku kwenye kioo na kuviunganisha kwa nyuzi. Kisanduku cha kwanza hupokea ujumbe kutoka Telegram au WhatsApp. Cha pili hupambanua kama ni swali la bei au la malipo. Cha tatu hufungua daftari la bidhaa. Cha nne hurudisha jibu. Programu yenyewe haina ada ya leseni. Gharama iko kwenye kompyuta isiyozimwa, intaneti na ujira wa fundi.

Faida kubwa ya mpango huu, kwa maoni yetu, si wepesi wake. Ni kwamba mwenye duka, hata kama hajui kompyuta, anaweza kufuata nyuzi kwa kidole na kuona oda inapita wapi. Fundi akishindwa kukuonyesha hivyo, usimlipe.

Hata hivyo, rahisi huvunja upishi. Zipo hatari tatu.

Kwanza ni bei. Chatiboti za kisasa huweza kubuni jibu kwa ujasiri mkubwa. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria zaidi ya dola 800 za nchi hiyo, baada ya chatiboti yake kumpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kuwa haliwajibiki kwa maelezo hayo, baraza likakataa. Kwa hiyo bei itoke kwenye daftari tu, na mashine ikikosa bidhaa humo, imwite karani.

Pili ni malipo. Mfumo wa Daraja, uliozinduliwa na Safaricom ya Kenya mwaka 2017, huitaarifu kompyuta ya mfanyabiashara kwamba malipo ya M-Pesa yamefanyika. Lakini mlango unaopokea taarifa ukijulikana na usipolindwa, tapeli naye anaweza kutuma taarifa ya uongo. Hapana budi kiwepo kisanduku kinachorudi kwa kampuni ya simu kuhakikisha, na kingine kinachokataa namba ya muamala iliyokwisha kutumika. Bila hivyo, mzigo utatoka na fedha haitaingia.

Tatu ni ulinzi. Node-RED ikishawekwa haina nywila mpaka fundi aiweke. Ikiachwa wazi kwenye intaneti, yeyote anayeifikia anaweza kubadili nyuzi zako. Aidha, majina na namba za wateja ni mali inayolindwa na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Ushauri wetu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu. Anza na kazi ya kusoma tu: chatiboti iseme bidhaa ipo au haipo, na bei yake. Idhini ya kutoa mzigo ibaki mkononi mwa mtu. Kila jioni linganisha oda za mashine na fedha iliyoingia. Hesabu zikikubaliana kwa miezi kadhaa, ongeza uzi mmoja. Na kama daftari lako lenyewe halijaandikwa vizuri, usinunue chatiboti, nunua daftari. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.