Kiingereza Nacho Kilidharauliwa



Bila shaka umewahi kuambiwa, hapa kwetu Uganda, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wachuuzi, tena kimejaa maneno ya kuazima, ilhali Kiingereza ndicho lugha ya wasomi. Kabla hujayakubali maneno hayo, tazama hicho Kiingereza kilikotoka.

Katika karne ya 5, Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka bahari kutoka pande ambazo leo ni Denmark na Ujerumani ya kaskazini, wakalowea kisiwani Britania. Lahaja zao ndizo mzizi wa Kiingereza. Baadaye walikuja Waskandinavia, nao wakaacha maneno yao. Hata neno “they”, yaani “wao”, lilitoka kwao.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza kwa vita. Kwa karne tatu hivi Kifaransa kikawa lugha ya wakuu, Kilatini kikawa lugha ya kanisa na kumbukumbu, na Kiingereza wakaachiwa wakulima na wachungaji. Athari ya utengano huo ingaliko hadi leo: ng’ombe akiwa zizini huitwa “cow”, neno la mchungaji, nyama yake ikifika mezani huitwa “beef”, neno lililotokana na Kifaransa cha mabwana.

Ni nini basi kilichokiinua? Kilitumiwa mahali penye uzito. Mwaka 1362, katika enzi ya Edward III, ilipitishwa sheria kwamba mashauri mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kumbukumbu nazo ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha desturi hiyo mwaka 1731. Mazoea ya wakubwa hayafi upesi.

Mwaka 1476 William Caxton alisimamisha mtambo wa kuchapa vitabu huko Westminster, na mwaka 1755 Samuel Johnson akatoa kamusi yake mashuhuri. Maneno ya Kilatini na Kigiriki yaliazimwa kwa maelfu. Wapo walionung’unika, lakini lugha haikuharibika, ilikua. Ama kuenea kwake duniani, hilo lilitokana na merikebu, biashara na ukoloni, wala si utamu wa sarufi yake.

Kwa hiyo anayekicheka Kiswahili kwa kuazima “kitabu” kutoka Kiarabu na “meza” kutoka Kireno, anakicheka Kiingereza pia bila kujua.

Hata hivyo, linalonigusa zaidi ni lile la mahakama. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini mashauri mengi bado huendeshwa kwa Kiingereza, na raia husubiri mkalimani amweleze hatima yake mwenyewe. Simaanishi kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Kiganda, Kiacholi au Kinyankole. Kumwondolea raia lugha moja asiyoielewa na kumletea nyingine si haki. Nasema kwamba raia anastahili kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa, na kwamba Kiswahili, tukikifundisha na kukitumia kwa dhati, kinaweza kuwa mojawapo ya lugha hizo.

Kwa sababu hiyo nakusihi usikiache Kiswahili katika chumba cha mtihani. Kiandikie barua, kisomee habari, kiulizie swali katika mkutano wa kijiji. Wakulima wa Uingereza hawakungoja wakuu wakipende Kiingereza ndipo wakiseme. Walikisema, na wakuu wakafuata.