Falaki Katika Nchi ya Dhahabu

Wako watu wasemao kuwa kijana wa Shinyanga au Geita hana haja ya kutazama juu, kwa sababu riziki yake iko chini. Almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, ilitoka ardhini. Na dhahabu ya mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, hutoka ardhini vilevile. Basi mwanafunzi atakaye ruhusa ya kuandikishwa katika chuo jirani, asome huko somo moja la falaki na alama zake zihesabiwe chuoni kwake, huonekana mpuuzi. Asome miamba, huambiwa, au hesabu za biashara. Nyota awaachie washairi na waganga.

Neno hili lina sura ya hekima, lakini ndani ni tupu. Dhahabu haikuzaliwa ardhini. Tarehe 17 Agosti, 2017, vyombo vya Marekani na Italia vilihisi mtikisiko wa nyota mbili mfu zilizogongana mbali sana, mahali ambapo nuru husafiri miaka ipatayo milioni 130 kutufikia. Darubini nyingi ziligeuzwa upande huo, na katika mng'ao wa mgongano ule wataalamu waliona dalili za kuzaliwa kwa madini mazito ya jamii ya dhahabu. Mchimbaji mdogo asagaye mawe katika karasha husaga mabaki ya nyota zilizokufa kabla dunia haijaumbika. Amwambiaye mwanawe kuwa nyota hazimhusu humficha asili ya mali yake mwenyewe.

Wala mkulima hakungoja chuo kumfundisha faida ya anga. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, lilipata jina lake katika kulima, kwa kuwa kuzama na kuzuka kwake kulihesabiwa pamoja na majira ya mvua na ya jua. Ikiwa wazee wasio na darubini waliona haja ya elimu hii, ni aibu kwa msomi kuiita anasa.

Wapinzani wengine hawaidharau falaki, bali huogopa utaratibu. Ada italipwa wapi? Mtihani utasahihishwa na nani? Haya ni maswali ya haki, lakini ni maswali ya karani, na karani hutumwa kuyajibu. Hayafai kuwa hukumu juu ya elimu. Kipimo kipo. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Pishi ikiwa moja sokoni, mchele wa duka hili na wa duka lile hupimwa sawasawa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu kwa nchi zao zote. Yawezekanaje mipaka ya nchi ifunguliwe, na ua wa chuo kimoja na kingine ubaki umefungwa?

Huko Massachusetts, Marekani, vyuo jirani, vikiwemo Amherst, Smith na Mount Holyoke, viliungana katika kufundisha falaki, kila kimoja kisibebe peke yake mzigo wa walimu na darubini. Hao ni matajiri. Maskini ana haja zaidi ya kushirikiana. Na nani apaswaye kufundishwa ushirika katika nchi hii ya pamba? Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika Victoria Federation, wakauza pamoja walichoshindwa kuuza mmoja mmoja. Kizumbi, Shinyanga, ushirika ni somo la darasani hata leo. Lililowezekana kwa robota za pamba haliwezi kushindikana kwa somo moja.

Vyuo na viandike mapatano: mwanafunzi avuke, asome, apimwe, arudi na alama zake. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, kama kila kichimbwacho. Kijana aliyefundishwa kutazama chini tu, siku hiyo atabaki na shimo.